Pombe nayo ina pumzi, usiizibe mdomo!

Wale wa Ngamiani, wa Makorora, wa Chumbageni, na ninyi wa Raskazone mnaojidai upepo wa bahari ni mali yenu peke yenu, wote hamjambo? Kama hujambo vuta kigoda. Kama unaumwa pole sana, soma taratibu.

Leo tunaongea kinywaji. Wewe usiyekunywa usikimbilie ukurasa wa michezo, maana habari yenyewe si ya kulewa. Ni habari ya macho yako, vidole vyako na hela yako. Tena mwishoni nina biashara moja ambayo hata shehe hana neno nayo.

Siku hizi vijana wa mjini wameingiwa na wazimu mpya, wazimu wa kujipikia bia nyumbani. Wenzetu wameanza zamani. Uingereza iliwaruhusu watu wake kupika bia ya nyumbani bila leseni mwaka 1963, na Marekani sheria yao ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Huko sasa ni starehe ya watu wazima, kama huku kwetu kufuga njiwa. Mtu ana mitungi, ana vipimo, ana daftari, anajadili harufu ya bia yake kama anayejadili mchumba.

Sasa mtindo umeshuka mpaka Tanga. Kijana mmoja shemeji yake kamletea kutoka Ujerumani pakiti ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Akanijia mbio: "Kaka, nataka bia yangu ichachuke ndani ya dumu lililozibwa, presha ijae. Halafu katikati nafungua, natupia hopsi kavu, nafunga. Si itakuwa bomba?"

Mwenzake alikuwa pembeni, naye akadakia: "Mimi kaka hopsi sina. Nachukua mnazi, natia kwenye chupa za bia, nagonga vizibo, nawauzia watu wa maofisini. Hela nje nje!"

Jamani! Mmoja ana hopsi, mwingine ana mnazi, lakini wote wawili wanaelekea wodi moja. Kaeni niwaeleze.

Pombe yoyote, iwe bia, mnazi, mbege ya Wachaga au pombe ya miwa ya kule Lushoto, ni kazi ya hamira. Hamira ni viumbe hai vidogo sana, huvioni kwa macho. Vinakula sukari, vinatoa vitu viwili: kilevi na hewa ya ukaa. Tena vinagawa karibu nusu kwa nusu. Gramu 100 za sukari zikiliwa zote, unapata kama gramu 50 za kilevi na gramu 50 za hewa. Gramu 50 za hewa hiyo ukiziacha huru zinajaza kama lita 25. Ndoo nzima na zaidi!

Haya, tupige hesabu. Bia ya dukani, ile inayokutekenya pua ukiifungua, ina hewa ya ukaa kama gramu 5 tu kwa kila lita. Chupa yake imetengenezwa kubeba mzigo huo na ziada kidogo. Utomvu wa mnazi ukitoka tu kwenye karara una sukari gramu 100 na zaidi kwa lita. Maana yake ukiuziba ungali mtamu, hamira ikala sukari yote, unaidai chupa ibebe mara kumi ya mzigo wake. Haitafika huko. Itakuwa imeshakwisha habari yake, na vipande vyake vitakuwa vimetafuta pa kukaa: ukutani, darini, au usoni kwako.

Na usifikiri ukiuwahi mapema umepona. Mnazi hausubiri ufike nyumbani ndiyo uanze kuchacha. Unaanza juu kwa juu, mtini, kwa sababu kile kibuyu cha jana kina hamira yake tayari. Mgema akishuka asubuhi tembo ni tamu, mchana limeshakuwa kali, kesho yake kali zaidi, na siku chache mbele ni siki. Hakuna saa ambayo mnazi umekaa kimya.

Wagema wanalijua hili bila kuingia maabara. Jisogeze kwa mzee yeyote anayeteremka kwenye vidato na kotama yake kiunoni, umwamkie kwa adabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Mbona babu mdomo wa kibuyu umeufunika kwa kilifu tu, huweki kizibo?"

"Kizibo cha nini? Tembo lina pumzi hili. Ukiliziba linakupasukia."

Umesikia? Kilifu, yale majani ya nyuzinyuzi ya mnazi, yanazuia nyuki na uchafu, lakini hewa inapita. Hiyo ndiyo valvu ya babu, tena ya bure.

Basi utaniuliza, kama ni hivyo, mbona hao wapika bia wa Ulaya wanachachusha kwa presha na hawafi? Swali zuri. Jibu ni kwamba nao hawazibi. Wana mtungi wa chuma, au chombo maalumu cha plastiki nene kilichoandikwa kabisa mwisho wake wa presha. Juu yake kuna geji na valvu. Unaiseti valvu kwenye presha unayotaka, na wengi huweka paundi 10 mpaka 15. Hewa ikizidi hapo inatoka yenyewe, pssss, usiku na mchana. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo fundi anakujazia kama paundi 30. Kwa hiyo hata wao wataalamu wanacheza na nusu ya tairi tu, na bado mlango uko wazi.

Kwa nini wahangaike? Sababu kubwa ni joto. Hamira nyingi za bia zinapenda nyuzi 18 hadi 20. Hapa kwetu mchana nyuzi 30 ni kitu cha kawaida. Hamira ikipata joto inafanya kazi kwa pupa, inaacha harufu ya ndizi mbivu na vilevi vizito ambavyo kesho yake kichwa kinagonga kama kinu. Presha kidogo inaituliza, harufu hizo zinapungua. Pia bia inatoka na mapovu yake tayari, huna haja ya kuongeza sukari kwenye chupa. Lakini presha si muujiza. Haigeuzi chumba cha bati cha Mikanjuni kuwa friji.

Sasa twende kwenye hopsi. Hili ni ua la mmea unaotambaa, ukoo wake mmoja na bangi, ila tabia zake nyingine kabisa, polisi wasikusumbue. Linataka nchi zenye siku ndefu za kiangazi, ndiyo maana Tanga, ambako jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, huwezi kulikuta shambani. Ukilichemsha linatoa uchungu. Ukilitia mwishoni, bia imeshapoa, linaacha harufu bila kuongeza uchungu mwingi. Ni kama iliki kwenye chai. Ichemshe nusu saa, harufu inapaa mpaka kwa jirani na kikombeni habaki mtu. Itie mwisho, chai inanukia.

Mtindo huu wa kutia hopsi kavu si wa leo. Mwishoni mwa karne ya 18 kiwanda cha Hodgson cha Bow, London, kilikuwa kinapeleka bia India kwa meli, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii. Bia hizo za safari zilitiwa hopsi kavu ndani ya pipa zisiharibike njiani. Na pipa la mbao nalo lilikuwa na mlango wake: kijiti laini kilichopachikwa kwenye tundu, hewa ikipenya taratibu. Unaona? Kilifu tena!

Hatari inakuja ukichanganya mambo mawili, presha na hopsi kavu. Utotoni umeshawahi kutia chumvi kwenye soda? Iliruka mpaka darini, na mama akakuchapa. Sababu ni kwamba hewa iliyobanwa ndani ya kinywaji inatafuta pa kushikia ili itoke, na zile chembe ni mamilioni ya vishikio. Hopsi ni vivyo hivyo. Bia imejaa hewa, wewe unafungua ghafla presha inashuka, halafu unatupia konzi ya unga wa hopsi. Kinachofuata si bia, ni mlima Oldoinyo Lengai. Nusu ya mtungi inapanda juu na povu, na ukikimbilia kuziba kwa haraka ndiyo umekoroga zaidi, maana majani yameshaganda kwenye valvu na mlango umefungwa.

Wataalamu wana njia tatu, zikateni mzibandike ukutani.

Ya kwanza, tia hopsi mapema. Siku ya pili au ya tatu, bia ingali inachachuka na chombo kiko wazi kwa valvu, presha haijapanda. Tupia, funga, kisha ndiyo upandishe presha kwa sukari iliyobaki. Harufu kidogo itatoka na hewa, lakini uso wako utabaki kama mama yako alivyouzaa.

Ya pili, hopsi ziingie tangu mwanzo lakini zisiguse bia. Zinawekwa kwenye mfuko safi wenye sumaku ndani, sumaku nyingine inashika kwa nje ya chombo, mfuko unaning'inia juu. Siku ikifika unaondoa ya nje, mfuko unadondoka wenyewe, hujafungua kitu. Ujanja mtupu!

Ya tatu, poza kwanza. Bia baridi inashika hewa vizuri kuliko bia ya moto. Ikishapoa toa presha kidogo kidogo, si dakika moja bali masaa, mpaka geji isome sifuri na ikae hapo. Ndipo ufungue, utie kidogo kidogo, ufunge.

Na bado kuna mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Hopsi kavu zina vimeng'enya vinavyovunja ile sukari ngumu ambayo hamira ilishindwa kuila. Kwa hiyo bia uliyodhani imemaliza inaamka, inaanza kuchachuka upya. Wakemia wawili wa Uingereza, Brown na Morris, waliliandika jambo hili mwaka 1893. Ukiwa na haraka ukajaza chupa siku hiyo hiyo, umejaza mabomu. Subiri, pima sukari kwa haidromita leo, kesho na keshokutwa. Namba isiposogea, endelea.

Nikamwambia yule wa hopsi: dumu la mafuta ya kula la lita 20 si mtungi wa presha. Halina geji, halina valvu, na jua la Tanga limeshalichosha. Kama huna chombo chenyewe, chachusha wazi kama watu wote, mfuniko ulegee au weka mpira wenye mkondo unaoishia kwenye maji, tia hopsi zako mwishoni, kunywa na rafiki zako mwisho wa habari. Wa mnazi nikamwambia: chupa ya kioo na kizibo cha kugonga, sahau kabisa.

Lakini kuna jambo linalonikera. Tunahangaika na maua ya Ujerumani kama vile huku kwetu watu walikuwa wanakunywa maji tu. Mbege ya Kilimanjaro ina hopsi yake, maganda ya mti wa msesewe, ndiyo yanayoipa ule uchungu unaokunja uso. Muratina ya Wakikuyu wa Kenya inatiwa tunda la mwegea lililokaushwa, na tunda hilo ndilo linalobeba hamira. Kitu kikavu kutoka mtini, ndani ya kinywaji kinachochachuka, kwenye kibuyu kisichozibwa kabisa. Bibi zetu walikuwa wanafanya hayo bila pakiti wala maelekezo ya Kijerumani.

La kushangaza zaidi liko Ufilipino. Huko nao wanagema minazi, kinywaji chao kinaitwa tuba, na wanakitia gome la mti wa mikoko ili kisichache haraka. Kinageuka chekundu, kina ukakasi, na kinakaa muda mrefu kuliko mnazi wetu. Mti wenyewe ni upi? Ni mkandaa! Mkandaa ule ule ulioko kwenye mikoko yetu, ambao wazee wa Pwani walikuwa wakitumia gome lake kutia rangi. Yaani sisi mti tunao, mnazi tunao, tumekaa tunasubiri pakiti ya shemeji.

Msinielewe vibaya, sikwambii uchukue panga uende Sahare ukachune miti. Mikoko yetu ni hifadhi ya serikali, huikati bila kibali, na ni nyumba ya kamba na samaki unaowala. Wala usiokote gome lolote ukatumbukiza kwenye kinywaji kwa kubahatisha, kuna miti inaua. Ninachosema ni kwamba wenzetu wa vyuo, ninyi mnaotafuta kitu cha kuandikia ripoti, hilo hapo. Kamata.

Haya, sasa biashara. Je, kinywaji cha kienyeji hakiwezi kabisa kuingia chupani? Kinaweza. Arusha, kampuni ya Banana Investments inauza kinywaji cha ndizi kwenye chupa. Siri ya kutuliza kinywaji ndani ya chupa ni ya zamani, Mfaransa Louis Pasteur alishaionyesha kwenye miaka ya 1860: joto la wastani linaua hamira na wenzake, na kilichokufa hakitoi hewa. Lakini hiyo ni kazi ya kiwanda chenye vipimo, si ya sufuria uani. Kuchemsha chupa iliyozibwa yenye hewa ndani ni kujitegea bomu kwa mkono wako. Anayetaka njia hiyo aende SIDO akapate ushauri, kisha TBS wapime, halafu aone habari ya leseni ya vileo. Usije ukaanza na wateja ukamalizia na mgambo.

Na kama hayo yote yanakuchosha, ndiyo nakupa ile biashara niliyokuahidi: siki ya mnazi. Hii ndiyo dawa ya kachumbari, ya achari na ya samaki. Unachukua mnazi, unaweka kwenye chombo cha udongo, kioo au plastiki safi ya chakula, usitumie bati wala alumini kwa sababu ukali wake unakula chuma. Unafunika kwa kitambaa safi, unakaza kwa kamba, unaweka kivulini. Wiki zinapita. Kilevi kinageuka kuwa siki kwa kazi ya bakteria, na bakteria hao wanataka hewa. Ukiziba, wamekufa na siki hupati. Hamira ikishamaliza sukari yake, siki haitengenezi hewa ya kupasua chupa. Ikikomaa kabisa unachuja, unatia chupani, unauza.

Yaani mnazi ule ule, ukiubana mdomo unakupasukia, ukiuachia pumzi unakulisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema. Mimi naongeza langu: muuzaji akipata tamaa tembo hulitia kizibo, na kizibo ndicho kinachomtoa jicho.

Nimemaliza. Ukiwa na miaka chini ya 18 haya yote ni ya kusoma tu, siyo ya kuonja. Ukiwa umekunywa, acha baiskeli kwa mwenzako, barabara ya Pangani haina mzaha. Wiki ijayo tutaongea kitu kikavu kabisa, hata tone halimo. Mpaka hapo, kaeni salama, na tafadhali sana, legezeni vifuniko!